Uso wa Sarah Twigg

Kitu cha kwanza Olive alichokiona ni pua. Bibi Thirza alichukua petali kwenye sinia, akaipeleka puani kama mtu anayepima maziwa kama yamechacha, ndipo akaibandika kwenye udongo. Petali ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu pia. Miaka yote aliyokaa naye, Olive hakuwahi kumwona akinusa petali. Rangi hutazamwa, hainuswi. Na Jumatano ile, siku tatu kabla ya sikukuu ya chemchemi, ghala zima la Percy Hallam lilinukia maua mpaka watu wakaumwa vichwa. Kwa nini mtu aongeze?

Olive hakusema kitu. Hilo halikumshangaza yeyote, kwa sababu Olive Furniss hakuwa msemaji. Alikuwa na miaka ishirini, na Mama Dakin wa duka la mikate alipenda kusema kwamba siku binti huyo akitoa sentensi nzima, kengele za kanisa zitapigwa bila kuvutwa. Shule aliiacha akiwa na miaka kumi na mmoja. Homa ilimlaza miezi minane, na katikati ya miezi hiyo mama yake akafariki. Alipoinuka kitandani wenzake walikuwa wamekwenda mbele, naye akaona haya kurudi kukaa na wadogo. Bibi Thirza Bagshaw, jirani, mjane asiye na mtoto, akamchukua kwake bila kuita kikao. Alihamisha godoro, akaweka sahani ya pili mezani, basi.

"Nipe ile ya njano," alisema Bibi Thirza.

Olive akampa. Bibi akainusa.

"Siku hizi unakula maua, Thirza?" Mama Dakin aliuliza kutoka upande wa pili wa ubao. "Sukari ya mgao haikutoshi?"

"Ningekula maua kabla ya kula mikate yako, Gertie. Maua hayavunji meno."

Watu wakacheka. Walikuwa kumi na wawili hivi siku hiyo, wameinamia mbao tatu zilizolazwa juu ya magogo. Mbao zilikuwa zimelowekwa bwawani wiki nzima. Kisha zilipakwa udongo wa mfinyanzi, ambao wanaume waliukanyaga kwa miguu mitupu pamoja na chumvi mpaka ukalainika kama kinyunya. Juu ya udongo ilitandazwa karatasi yenye mchoro, mistari ikadungwa kwa sindano, karatasi ikabanduliwa. Mistari yote ilifuatishwa kwa vitunda vikavu vyeusi vya miti ya mtoni, kimoja kimoja, na sasa kilichobaki kilikuwa kujaza rangi: petali, majani, mbegu, ukoga mkavu wa mawe. Kilichoota kiliruhusiwa. Kisichoota, hapana. Zamani kabla ya vita mtu mmoja alitia kipande cha kioo kiwe maji ya mto, na wajukuu zake walikuwa bado wanataniwa.

Tangu vita viishe kijiji cha Wendlow kilikuwa kimesimamisha juu ya chemchemi yake mbao za maua zenye picha za Biblia, kama vijiji vingine vya Derbyshire, Uingereza. Lakini mwaka huu, 1949, kamati ilikubaliana kwamba arudi Sarah Twigg.

Habari ya Sarah kila mtu aliijua kama anavyoijua ngazi ya nyumbani kwake. Mwaka wa ukame mkubwa, miaka mia na ishirini na zaidi iliyopita, visima vyote vilikauka isipokuwa chemchemi ya uani kwa mjane huyo. Watu wa Harcop, kijiji cha bondeni, walipanda na ndoo zao. Wanaume wa Wendlow, ambao kila gulio walikuwa wakitoana damu na watu wa Harcop, wakasimama na fimbo kuwazuia. Sarah akatoka na kigoda, akakaa juu ya mdomo wa chemchemi, akasema hakuna mtu wa Wendlow atakayechota tone mpaka wa Harcop wamekunywa. Alikaa pale siku mbili. Alikuwa mwanamke mzito, hawakuweza kumwinua, na baadaye hawakutaka.

Katika mchoro wa Percy Hallam kila kitu kilikuwepo: kigoda, ndoo, fimbo, mlima. Mahali pa uso wa Sarah tu palikuwa patupu, kama sahani isiyotiwa chakula. Ilikuwa hivyo siku zote. Uso ule haukuchorwa. Bibi yake Thirza alikuwa na miaka kumi na mmoja mwaka wa ukame, akaishi nyumba ya pili kutoka kwa Sarah mpaka Sarah alipozikwa. Yeye ndiye aliyeuweka uso kwenye udongo mara ya kwanza, kwa mikono yake, na alipozeeka akamwachia Thirza. Mara ya mwisho ilikuwa 1938. Picha ya gazeti ya mwaka ule ilikuwa ndogo kama stempu, na wino wake ulikuwa umetapakaa hivi kwamba Sarah alionekana kama kiazi chenye kilemba. Olive na mama yake walihamia Wendlow mwaka uliofuata. Kwa hiyo Olive hakuwahi kumwona.

Alhamisi asubuhi Bibi Thirza alivaa aproni safi, akavuta kiti mbele ya sahani ile tupu, akasema, "Haya. Tumwamshe mama wa watu."

Rangi ya ngozi waliipata kwa petali za waridi lililofifia wekundu, zikigeuzwa mgongo juu. Zilikuwa na rangi ya mikono ya mtu aliyetoka kufua. Olive alikaa kushotoni na masinia mawili magotini, moja la petali hizo, moja la petali nyeupe kwa ajili ya kitambaa cha kichwani. Waridi zote mbili zilitoka ukuta mmoja nyuma ya duka la Dakin, laini sawasawa, harufu ileile.

Bibi alinyosha mkono bila kutazama. Olive akampa petali. Bibi akainusa, akaigeuza, akaibandika.

Hapo ndipo Olive alipofanya jambo ambalo hakulipanga. Mkono ulipokuja tena, aliuwekea petali nyeupe.

Bibi Thirza akainusa. Akaigeuza. Akaibandika shavuni mwa Sarah, ikakaa pale kama unga uliomrukia mpishi.

"Nyingine, mwanangu," alisema.

Olive alihisi damu ikimpanda usoni. Alimpa nyingine, ya rangi sahihi, na nyingine tena, na moyo wake ulikuwa ukienda mbio kama wa mtu aliyeiba. Macho ya Bibi yalikuwa yamemtupa mkono, naye alikuwa amelijua hilo kwa kumtega kama panya. Mchana Olive aliwaomba wengine kwa ishara aende kwenye upindo wa gauni la Sarah, mwisho wa ubao, akafanya kazi akiwa amempa Bibi mgongo mpaka watu walipofunika mbao kwa magunia mabichi na kwenda nyumbani.

Usiku kucha wingu lilitoka magharibi. Ijumaa saa kumi na moja alfajiri, kulipokuwa kumepambazuka vizuri, Olive alikwenda ghalani kunyunyizia magunia maji, ndiyo ilikuwa zamu yake. Alifunua upande wa uso ili aitoe ile petali nyeupe kabla mtu hajaiona. Aliitoa. Kisha akaona kidevu.

Kidevu cha Sarah Twigg kilikuwa kimepangwa kutoka juu kwenda chini.

Mtu wa mahali pengine asingeona kosa. Rangi ilikuwa nzuri, mstari ulikuwa mzuri. Lakini petali hupangwa kama vigae vya paa. Unaanza chini, na kila safu ya juu inaufunika ukingo wa juu wa ile ya chini, ili mvua ikinyesha iteleze juu yake. Ukianza juu, kila petali inayafungulia maji mdomo. Mvua moja, na kabla ya jioni kidevu kingekuwa kimechanuka kama kuku anayenyonyolewa, siku ya pili udongo mtupu. Bibi Thirza mwenyewe ndiye aliyemfundisha, Olive akiwa na miaka kumi na miwili: "Jifanye tone la mvua, mwanangu. Utapita wapi?"

Olive aliweza kuona jinsi lilivyotokea. Bibi hakuuona mstari wa chini wa kidevu. Alianzia mdomoni, mahali ambapo kidole chake kilipata alama, akashuka nacho taratibu, akinusa.

Alikaa kwenye kiti cha Bibi. Akazitoa petali moja moja kwa ncha ya kisu, akalainisha udongo kwa kidole kilicholowa, akaanza upya kutoka chini. Alidhani angefanya haraka haraka, kama mtu anayefuta maziwa yaliyomwagika kabla mama hajaja. Lakini mikono ilikataa kuharakishwa. Safu ya pili ilikaa juu ya ya kwanza bila mkunjo. Kidevu kilikuwa kipana, cha mtu asiyeinuliwa kwenye kigoda, naye alikipa uzito wake kwa kuzigandamiza petali kidogo zaidi pembeni. Alipofika chini ya mdomo akagundua kwamba alikuwa akiimba kwa sauti ndogo puani. Akanyamaza. Wimbo ule ulimwogopesha kuliko kosa lenyewe.

"Umeanza saa ngapi?"

Percy Hallam alikuwa mlangoni na birika la chai. Percy alikuwa seremala na mkubwa wa kamati, mtu mnene mwenye masharubu kama brashi ya viatu. Aliinama juu ya ubao, akatazama kidevu, akatazama petali zilizotolewa kwenye sinia, akaelewa.

"Kutoka juu?" aliuliza.

Olive akainamisha kichwa.

"Nimejua tangu Mei," alisema Percy akiketi juu ya ndoo. "Alinipita njiani akaniambia, habari za asubuhi, Gertie. Mimi. Na masharubu haya. Gertie Dakin naye anayo kidogo, sikatai, lakini tuseme kweli." Alimimina chai, hakuinywa. "Kamati ilinituma nimwambie. Nimelikwepa jambo hili kama paka anavyokwepa beseni la maji. Sasa tazama. Hiki kidevu ni kidevu. Uso uchukue wewe, Olive. Yeye tutampa kiti cha mbele kesho, kasisi ataje jina lake, tumpigie makofi. Anastahili. Wewe unasemaje?"

Olive alitazama vidole vyake.

"Najua husemi. Sikulazimishi useme. Kama hutaki, tikisa kichwa tu, tutatafuta njia nyingine."

Kichwa cha Olive kilikaa palepale kilipokuwa.

"Vizuri," alisema Percy. "Basi nitasema naye."

Bibi Thirza alikuja saa mbili, mkononi kikapu cha mikate bapa ya oti, na Mama Dakin nyuma yake akilalamika juu ya mlima. Wengine walikuwa wamekwisha kufika. Percy alimshika kiwiko, akampeleka pembeni, lakini Percy hakujua kunong'ona, na ghala lote likasikia. Alisema vizuri. Alisema juu ya miaka mingi, na shukrani, na kiti cha mbele, na kwamba uso atauchukua Olive. Alipomaliza, Bibi Thirza aliutoa mkono wake mikononi mwa Percy, akaenda kwenye ubao, akapitisha kidole gumba kwenye kidevu cha Sarah, kutoka chini kwenda juu, kisha kutoka juu kwenda chini.

"Nani amekipanga hiki?"

Alikipapasa tena.

"Kimepangwa vizuri. Mimi nilikipanga kinyume?"

Watu walitazama mabuti yao.

"Percy, jibu. Siku zote unasema kuliko redio."

"Kinyume, Thirza. Kutoka juu."

Bibi akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu alichokwisha kuamua kununua. Akafungua aproni, akaikunja mara mbili, akaiweka juu ya kiti.

"Na Olive alisema nini ulipomwuliza?"

"Hakusema kitu."

"Masikini. Umembana mtoto kwenye kona." Sauti yake ililainika. "Huyu, Percy, hata dukani akipewa mkate ulioungua huuchukua akasema asante kwa macho. Atakukatalia wewe? Usimlaumu mtu. Olive, endelea na kazi, mwanangu. Mvua inakuja, naisikia magotini." Akaenda akakaa kwenye kigogo karibu na mlango, akautazama uwanja ambao hakuuona.

Olive aliendelea. Alipanga shavu la kulia, kisha la kushoto. Hakuna aliyetania. Hata Mama Dakin alifanya kazi akiwa amefunga mdomo, na kwa kweli ilitisha. Kufikia saa tano uso ulikuwa umejaa kila mahali isipokuwa mashimo mawili ya macho, na hapo mikono ya Olive ikasimama.

"Kuna nini?" aliuliza Percy.

Olive alionyesha.

"Ah. Macho. Moja lilikuwa limelala kidogo, si ndiyo? La kushoto."

"La kulia," alisema Mama Dakin.

"La kushoto, Gertie. Nilisimama mbele yake wiki nzima mwaka thelathini na nane."

"Na mimi nilisimama wapi, mbinguni? La kulia. Na nyusi moja ilikuwa juu."

"Hakuwa na nyusi moja juu. Huyo ni mama yako."

Mwingine akasema yalikuwa yamelala yote mawili. Mwingine akasema hapana, alikuwa akikonyeza. Walibishana mpaka wakazisikia sauti zao wenyewe, na mmoja mmoja akanyamaza. Ikawa wazi kwao wote kwa wakati mmoja. Uso wa Sarah Twigg ulikuwa umepita kwa watu watatu tu, Sarah mwenyewe akiwa wa kwanza. Wawili walikuwa makaburini, na wa tatu walikuwa wamemketisha mlangoni kama mwavuli.

"Mtu amwulize," alisema Percy. Lakini hakuinuka. Hakuna aliyeinuka.

Olive alisimama. Alivuka ghala, hatua ishirini labda, akapiga magoti mbele ya kigogo. Alishika mkono wa Bibi Thirza.

"Mikono ya udongo," alisema Bibi. "Ni wewe. Umefika wapi?"

"Machoni," alisema Olive.

Bibi aligeukia mlango. Nje matone ya kwanza yalikuwa yakiigonga ndoo ya ng'ombe.

"Nilifikiri mtamtia macho ya kalenda," alisema. "Yale makubwa, ya msichana wa tangazo la sabuni. Nilikuwa nimekaa hapa naombea hivyo, Mungu anisamehe. Nilitaka mkosee." Akavuta pumzi. "Lete vidole. Hivi viwili."

Akavichukua vidole vya Olive, akaviweka juu ya kope lake mwenyewe la kushoto.

"Bibi yangu alinionyesha hivi, mbele ya meko, mimi nina miaka tisa. Hakuwa na karatasi wala hakuitaka. Alisema karatasi huonyesha ngozi tu. Sarah alirukiwa na chokaa ya moto tanuruni alipokuwa mdogo. Kope likashuka mpaka nusu, hapa. Unahisi?" Aliteremsha kope lake chini ya vidole vya Olive. "Lakini halikuwa limekufa. Alipotaka kucheka lilitetemeka kwanza, kabla ya mdomo. Watu wa Harcop walipokuja na ndoo, bibi yangu alikuwa amekaa ukutani, akaliona likitetemeka. Kwa hiyo usilipange kama limelala. Lipange kama linangoja."

Kope la Bibi Thirza likatetemeka chini ya vidole vya Olive, na jingine pia, na chozi likapita katikati ya vidole.

"Tena," alisema Olive.

Bibi akamwonyesha tena.

Kisha akajiinua kwa kumshika bega, wakaenda pamoja kwenye ubao. Olive aliivuta aproni kwenye kiti, akaikunjua, akamfunga Bibi mgongoni, mafundo mawili. Mchana wote walifanya kazi hivyo, Bibi amekaa, Olive ameinama, mkono mzee juu ya mkono mchanga. Bibi alisema nyembamba zaidi, Olive akaikata petali. Bibi alisema hapo, Olive akabandika. Wakati mwingine Bibi alifunga macho yote mawili na kusema kwamba sasa anamwona vizuri.

"Kwa hiyo lilikuwa la kushoto," Percy alimwambia Mama Dakin, jioni.

"La kushoto lake. Mimi nilikuwa namtazama yeye, kwa hiyo lilikuwa kulia kwangu. Ningekuwa nimekaa ndani ya kichwa chake ningesema kushoto."

"Ndani ya kichwa chake usingepata nafasi. Alikuwa na akili humo."

Ghala likacheka, kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Jumamosi wanaume walizibeba mbao kwa mkokoteni, taratibu kama watu waliobeba mgonjwa, wakazisimamisha juu ya chemchemi. Mvua ilinyesha tangu asubuhi. Haikuwa kubwa, lakini ilikuwa ile ya kwetu isiyo na haraka ya kwenda popote. Bendi ya tarumbeta ilipiga na maji yakiwadondoka puani. Kasisi aliombea chemchemi chini ya mwavuli, akataja jina la Thirza Bagshaw, na watu wakapiga makofi ya mikono iliyolowa. Halafu watu wa Harcop wakapita mbele, kama kila mwaka, wakanywa kwanza kwa kikombe cha bati. Watu wa Wendlow walisimama nyuma na kiu yao, kama kila mwaka, wakiwaambia waharakishe, maji si bia.

Mzee mmoja wa Harcop, mchunga kondoo, alikunywa, akafuta mdomo, akainua macho kwenye ubao. Akavua kofia.

"Ndiye," alisema, akaivaa tena, akaenda zake.

Olive alikuwa amesimama kando akitazama kidevu. Maji yaliteremka kutoka kwenye kitambaa cha Sarah, yakapita shavuni, yakateleza kidevuni, yakadondoka. Hakuna petali iliyoinuka.

Bibi Thirza alikataa kiti cha mbele kwa sababu, alisema, kilikuwa na maji mengi kuliko chemchemi. Walikaa wawili chini ya paa la kanisa, kwenye benchi la mlangoni, wakila mkate bapa na jibini.

"Niambie yukoje," alisema Bibi.

Olive akamwambia. Ilimchukua muda, maana hakuwa na mazoea, na mara kadhaa alirudi nyuma kurekebisha. Alimwambia juu ya kidevu na maji. Alimwambia juu ya taya, na mashavu ya mtu aliyetoka kufua, na kitambaa ambacho upande wa kulia kilikuwa kimeanza kugeuka rangi kidogo, si sana. Alimwambia kwamba kope lilikuwa nusu, na kwamba mvua ilipoligonga lilionekana kana kwamba linatetemeka, na kwamba watu wawili wa Harcop walicheka walipolitazama bila kujua kwa nini.

Bibi Thirza alisikiliza huku ameacha kutafuna.

"Hizo ni sentensi kama ishirini," alisema mwishoni. "Gertie asijue, atakwenda kuzifunga kengele kwa kamba." Akampapasa goti. "Nataka nikuambie jambo. Usibebe moyoni habari ya jana. Percy hakukutendea haki. Kumwuliza mtu kama wewe jambo kama lile, halafu kuuchukua ukimya wako kuwa jibu. Mimi nakujua. Ulinyamaza kwa sababu ya haya yako tu, mwanangu, na mimi sikukuhesabia kosa."

Ilikuwa rahisi kunyamaza. Miaka tisa watu walikuwa wameushona ukimya wa Olive kama koti, wakamvika, na lilikuwa koti zuri, lenye joto. Kila kitu kingeweza kukaa ndani yake. Bibi alikuwa amekwisha kumsamehe. Hakuna aliyehitaji neno zaidi.

"Bibi," alisema Olive.

"Naam."

"Haikuwa haya. Percy aliniambia nitikise kichwa kama sitaki, na kichwa changu kilikuwa kizima. Nilikuwa nautaka ule uso, Bibi. Niliutaka ungali mikononi mwako."